Nani Alibonyeza Ndiyo?

Hotuba niliyoitoa Morogoro mbele ya mawakala wa fedha na wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa. Wengi walioikosa wameniomba maneno yenyewe, kwa hiyo nimeyaandika kama nilivyoyasema.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Akina mama, ndugu zangu mawakala, na ninyi vijana mliosimama mlangoni, habari za mchana.

Wiki mbili zilizopita mama mmoja wa vikundi hivi alikuja mezani kwangu pa ufundi wa simu, Msamvu, simu mkononi. Kuna kijana alikuwa amemwambia atoe shilingi elfu kumi ili amwekee antivairasi, yaani programu ya kukamata virusi. Akaniuliza, "Fundi, hivi kweli simu nayo inashikwa na virusi, au ni njia ya kunila hela?" Nilikuwa na foleni ya watu, nikamjibu kwa neno moja, akaondoka. Usiku swali lake likanikosesha usingizi, maana jibu la neno moja halikumtosha, na najua wengi wenu mnalo swali hilohilo. Ndiyo sababu nilimwomba Mwenyekiti anipe nafasi leo.

Nianze na jibu, halafu nilieleze. Ndiyo, simu inahitaji ulinzi, na inauhitaji kuliko kompyuta ya ofisini. Kompyuta ya ofisini ina barua na mahesabu. Simu yako ina nini? Ina pesa zako, ina namba za ndugu zako wote, ina picha za watoto wako, na ndiyo inayopokea ujumbe wa benki wenye namba za uthibitisho. Anayeingia humo ameingia nyumbani. Ila ulinzi wenyewe si ule aliotaka kuuziwa yule mama kwa elfu kumi.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 2004, wengine hapa mnazikumbuka Nokia 6600, zile nene zilizopendwa sana mjini. Mwaka huo kilitokea kirusi kinaitwa Cabir, na ndicho kirusi cha kwanza kufahamika kilichotoka simu hadi simu chenyewe, kupitia Bluetooth. Sikilizeni kilivyofanya kazi, kwa sababu hapa ndipo somo lote lilipo. Umekaa kwenye basi. Simu ya jirani yako imeambukizwa. Kwenye kioo chako linatokea swali: upokee ujumbe huu, ndiyo au hapana? Unabonyeza hapana. Swali linarudi. Hapana. Linarudi tena. Hapana. Linarudi tena! Huwezi kupiga simu, huwezi kusoma meseji, swali limekaa palepale kiooni. Dawa ilikuwa kuondoka karibu na mwenye simu ile. Sasa, kwenye basi utaondoka uende wapi? Watu wakachoka, wakabonyeza ndiyo.

Agosti 2005, kwenye mashindano ya dunia ya riadha mjini Helsinki, kirusi hicho kikaanza kurukaruka uwanjani kutoka kwa mtazamaji mmoja hadi mwingine. Watu maelfu wamebanana, simu zimewashwa, Bluetooth ziko wazi. Hasara yake ilikuwa chaji kuisha upesi, basi. Hakikuiba hata senti.

Lakini niwaulize: nani alikifungulia mlango? Je, kirusi kilivunja ukuta? Hapana. Kilibisha hodi, kikabisha, kikabisha, mpaka mwenye nyumba akasema karibu.

Nani alibonyeza ndiyo? Ni mwenye simu.

Agosti 2010 wakaja wenye tamaa ya pesa. Kwenye simu za Android kilionekana kitu kilichojifanya programu ya kuchezea video. Ukiisakinisha, inatuma meseji kimyakimya kwenda namba fupi za kulipia, huko Urusi, na salio lako linayeyuka. Kabla ya kusakinishwa, simu ilimwonyesha mwenyewe waziwazi kwamba programu hii inaomba kutuma meseji. Programu ya kuangalia video inataka kutuma meseji za nini? Watu hawakusoma. Wakabonyeza.

Ndugu zangu, tokea mwaka 2004 mambo mengi yamebadilika kwenye simu, lakini swali lile la ndiyo au hapana halijaondoka.

Sasa niwasimulie la hapa kwetu, na hili nitakaa nalo, kwa sababu limenigusa.

Nina mteja wangu, mama anayeuza mboga. Sitamtaja, na anayemfahamu naomba anyamaze. Mtoto aliumwa, akahitaji hela siku hiyohiyo. Akaona tangazo la mkopo wa haraka mtandaoni, hakuna dhamana, hakuna mdhamini. Akapakua ile programu. Ikamuuliza: niruhusu kuona orodha ya majina yako? Ruhusu. Niruhusu kusoma meseji zako? Ruhusu. Niruhusu kuona picha zako? Ruhusu. Mara tatu, haikuchukua hata dakika. Mtoto analia mgongoni, nani atakaa asome?

Aliomba elfu hamsini, ikaingia elfu thelathini na tano, na kwa siku saba alitakiwa kurudisha elfu hamsini kamili. Siku ya nane akiwa hajamaliza, simu zikaanza. Hazikuja kwake. Zilikwenda kwa mama mkwe wake Kilosa. Kwa mwalimu wa mtoto. Kwa mteja anayempelekea mchicha. Kwa kiongozi wake wa kanisa. Kila mmoja akapata meseji yenye jina lake na picha yake: huyu ni tapeli, amekuweka wewe mdhamini, mwambie alipe.

Alipokuja kwangu alisema neno moja tu: "Fundi, nitolee hiki kirusi." Nikaikagua simu. Nikapitisha kila nilichonacho. Unajua nilikuta nini? Hakuna kirusi. Simu safi kabisa. Ile programu ilifanya kile tu alichoiruhusu kufanya. Niliifuta mbele ya macho yake, na nilipomaliza ikabidi nimweleze jambo gumu: majina yake yote mia tatu na kitu yalishaondoka siku ile ya kwanza, na kuifuta programu hakuyarudishi.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Sitini na tisa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 2023, Google nao waliweka masharti kwenye duka lao kwamba programu za mikopo haziruhusiwi kuomba majina wala picha za mtu. Ni hatua nzuri, nazishukuru. Lakini sharti hilo ni la dukani. Programu iliyotumwa kwa linki ya WhatsApp haipiti dukani, na linki hizo bado zinatembea. Naziona kila wiki kwenye simu mnazoniletea.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama antivairasi ingemwokoa mama yule, nasema hapana. Antivairasi hutafuta mwizi anayefahamika sura. Haiwezi kujua kwamba uliyemkaribisha sebuleni na kumpa funguo ana nia mbaya.

Na hapa nizungumzie hizo antivairasi zenyewe, kwa kuwa ndizo alizoniulizia yule mama wa Msamvu.

Kwenye kompyuta, antivairasi ni mlinzi mwenye funguo za vyumba vyote. Anazunguka usiku, anafungua kila mlango, anachungulia chini ya vitanda. Simu haikujengwa hivyo. Kwenye simu kila programu imefungiwa chumbani kwake, na mlinzi unayemleta kutoka nje naye anapewa chumba kimoja kama mpangaji mwingine. Kwenye iPhone haruhusiwi hata kuchungulia chumba cha jirani. Ndiyo maana mwaka 2015 Apple waliziondoa dukani programu zilizojinadi kuwa zinakagua virusi ndani ya iPhone. Kwenye Android anaona zaidi kidogo. Anaweza kukagua faili za programu ulizosakinisha na kukuambia hii inafahamika kuwa mbaya. Hilo lina faida, sikatai. Ila Android nyingi zenye Play Store zinayo kazi hiyo tayari, tangu mwaka 2017, bila malipo. Inaitwa Play Protect. Fungua Play Store, gusa picha yako juu kulia, utaiona. Hakikisha imewashwa. Yule kijana alitaka elfu kumi ya yule mama kwa kitu ambacho mama mwenyewe alikuwa nacho mfukoni.

Mnadhani kuuziwa hewa kulianza kwake? Mwaka 2014 ilitoka programu inaitwa Virus Shield, bei dola 3.99. Watu zaidi ya elfu kumi wakanunua, ikapanda hadi juu kabisa kwenye orodha ya programu mpya za kulipia. Wajuzi walipoifungua wakakuta inafanya kazi moja tu: ukiigusa, alama ya mkasi inageuka kuwa alama ya vema. Ndani hapakuwa na kitu kingine. Google ikalazimika kuwarudishia watu pesa. Mwaka 2019 taasisi ya upimaji ya Austria iitwayo AV-Comparatives ikachukua antivairasi 250 za Android ikazipima kwa programu hasidi 2,000. Zilizokamata angalau asilimia 30 ya hizo zilikuwa 80 tu. Asilimia 30, ndugu zangu! Askari anayekamata wezi watatu katika kumi, bado anahesabiwa miongoni mwa waliofaulu, na wenzake 170 hata hapo hawakufika.

Na lipo baya kuliko hilo. Mwaka 2022 watafiti walikuta dukani kwenyewe antivairasi bandia zilizobeba SharkBot, na SharkBot kazi yake ni kuiba namba za siri za benki. Mtu ameogopa mwizi, akaenda kuajiri mlinzi, na mlinzi ndiye mwizi.

Nitawaonyesha wizi wa namna hiyo unavyokwenda, kwa sababu mawakala hapa unawahusu moja kwa moja. Programu ikishaingia, inakuomba uiwashe kwenye sehemu ya Ufikivu. Sehemu hiyo ipo kwa ajili ya wenzetu wasioona vizuri, ili simu iwasomee kilicho kwenye kioo na iwasaidie kubonyeza. Sasa fikiria: uliyempa ruhusa hiyo anasoma kila kinachotokea kiooni na anaweza kubonyeza badala yako. Unafungua programu ya benki, yeye anatandaza ukurasa wake juu, unafanana na wa benki hadi rangi. Unaandika namba ya siri, unamwandikia yeye. Benki inatuma meseji ya uthibitisho, anaisoma kabla yako. Simu iko mkononi mwako, hukuibiwa, hukuipoteza. Pesa imekwenda.

Kwa hiyo kama huna tatizo la macho wala la mikono, na programu ya tochi, ya mkopo, ya kusafisha simu au ya mpira inakuomba uiwashe kwenye Ufikivu, hiyo kataa. Usiniulize mara mbili. Kataa.

Vijana wangu wa mlangoni, na ninyi hamjasahauliwa. Najua mnatumia zile WhatsApp zisizo rasmi, za rangi rangi, zinazoonyesha meseji iliyofutwa. Mmezipata wapi? Kwa rafiki, kwa Xender, kwenye kundi. Mwaka 2021 Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, waliikuta Triada ndani ya toleo moja la FMWhatsApp, mojawapo ya hizo. Triada huleta programu nyingine hasidi bila wewe kujua na kukuunganisha na huduma za kulipia. Ukiona vocha inaliwa na hujapiga simu, anzia hapo.

Sasa kuna mtu moyoni anasema: Fundi, mimi sikubonyeza chochote na bado yalinikuta. Nakusikia, na una haki.

Mwaka 2020 watafiti wa kampuni ya Upstream pamoja na waandishi wa BuzzFeed News walitangaza kwamba simu za bei nafuu aina ya Tecno W2, zilizouzwa nchi kadhaa za Afrika, zilikutwa na Triada na kingine kinaitwa xHelper, vikiwa ndani tangu zikiwa mpya kwenye boksi. Mteja anafungua boksi, mgeni yumo. Na xHelper kilijulikana kwa ukaidi: unairudisha simu kama ilivyotoka kiwandani, kesho yake kimerudi. Kampuni ilieleza kuwa kiliingizwa na msambazaji mmoja njiani na kwamba ilitoa marekebisho. Ninalotaka mlione ni nani aliyeumia: mtu wa kipato cha chini, aliyenunua simu anayoimudu, akaibiwa vocha kidogo kidogo. Hilo linaniuma. Yeye hakubonyeza ndiyo popote.

Na yapo matundu kwenye programu ya simu yenyewe. Mwaka 2015 iligundulika kwamba Android iliweza kuingiliwa kwa ujumbe wa video, tundu lililoitwa Stagefright. Kutokana na hilo Google wakaanza kutoa marekebisho ya usalama kila mwezi. Mwaka uliofuata, Agosti 2016, mtetezi wa haki za binadamu wa Falme za Kiarabu, Ahmed Mansoor, alipokea meseji kwenye iPhone yake: linki yenye siri mpya za mateso gerezani. Kwa mtu kama yeye, hakuna chambo kikali kuliko hicho. Hakuibonyeza. Aliituma kwa watafiti wa Citizen Lab, Chuo Kikuu cha Toronto, wakakuta nyuma yake kuna Pegasus, chombo cha ujasusi kilichouzwa na kampuni ya Israeli. Ndani ya siku kumi Apple ikatoa toleo 9.3.5 la kuziba matundu hayo. Kidole cha mtu mmoja kilichokataa kubonyeza kiliziokoa iPhone za dunia nzima. Miaka ya baadaye Pegasus ikapata njia za kuingia bila kubonyezwa chochote, lakini hiyo huelekezwa kwa watu waliochaguliwa. Wakala wa hapa Kihonda hana sababu ya kulala macho kwa ajili yake.

Dawa ya matundu ni kusasisha simu. Najua mtakachosema: sasisho linakula bando. Ni kweli, linakula, na si haki kwamba usalama wa maskini unapimwa kwa MB. Lakini tafuta Wi-Fi, omba kazini, omba kwa mtoto aliye chuoni, njoo kwangu jioni bila malipo. Na unaponunua simu, usiulize kamera na chaji tu. Ulizia pia toleo la Android, kisha uingie kwenye mipangilio uone tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Kama ni ya miaka mitatu iliyopita, simu hiyo aliyeiunda amekwishaitelekeza. Benki usiiweke humo.

Mawakala, laini ya kazi iwekeni kwenye kitochi, ile simu ndogo ya vitufe. Menyu ya M-Pesa ya *150*00# haihitaji simu janja, na kitochi hakina mlango wa kusakinishia mikopo. Kitochi hakitakukinga na yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii", huyo haibi kwa kirusi, anaiba kwa maneno. Meseji yake ihamishieni 15040, TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, wanazipokea hapo. Na pigeni *106# mwone kama kuna laini msizozijua zimesajiliwa kwa kitambulisho chenu.

Sasa toeni simu. Ndiyo, wote, sasa hivi. Ingia kwenye Mipangilio, tafuta Faragha, halafu kidhibiti cha ruhusa. Gusa palipoandikwa SMS. Umeona orodha? Soma majina, moja moja. Mzee wangu wa pale mbele, wewe unayo nini?

(Mzee akasoma kwa sauti: "Tochi." Ukumbi ukanyamaza.)

Tochi inasoma meseji zako, mzee wangu. Meseji za pensheni, za mtoto, za benki. Iguse. Chagua usiruhusu. Sasa uifute kabisa, simu yako ina tochi yake, ipo hapo juu ukishusha kioo. Waliobaki endeleeni: SMS, halafu Majina, halafu mrudi Mipangilio mfungue Ufikivu. Kila unapokuta jina ujiulize, huyu nilimpa mimi? Na anahitaji ya nini?

Sitaondoka. Meza yangu ipo pale nje chini ya mwembe, nitakaa mpaka saa kumi na mbili. Mama wa mboga yupo pia, ameniruhusu niseme kwamba atakaa nami kuwasaidia wasioona maandishi madogo. Njooni na chaja, soketi ninazo nne.